Mpira Uliong'arishwa

Fundi viatu mmoja alikuwa na ugonjwa wake: hakutaka mtu auone uzi wake. Umpelekee kiatu kimechanika vipi, atakushonea kwa ndani, ataziba mfereji wa mshono kwa nta, atapaka dawa ya viatu na kusugua kwa kitambaa mpaka ujitazamie humo na kuchana nywele. Wateja walimpenda kwa hilo, na yeye alijipenda zaidi. Basi mpira wa timu ya binti yake ulipofumuka, kocha hakuhangaika kutafuta fundi mwingine.

Ndio mpira pekee wa maana waliokuwa nao. Iliyobaki ilikuwa imechoka, ukiipiga teke inakutazama tu. Fundi akafunga duka mapema, akaondoa vipande vya ngozi vilivyooza, akatia vipya, akashona upya mpira mzima. Kisha nta. Kisha dawa. Kisha kitambaa, sugua, sugua! Wasichana walipouona walipiga vigelegele, na fundi akarudi nyumbani akipiga mluzi. Mezani alisimulia mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka mkewe akamwambia, "Jamani, baba watoto, kula basi, kinapoa." Binti yao alimsikiliza mpaka mwisho.

Kuanzia hapo binti huyo, ambaye ndiye kipa, akaanza kufungwa.

Tena kufungwa kwa aibu. Wenzake walikuwa wakimwita Gundi, maana mpira ukimfika mikononi haubanduki. Sasa alikuwa anaruka kulia, mpira unapita kushoto. Anainuka, unampita chini. Wakaanza kumwita Siagi, kwanza kwa utani, halafu bila kucheka. Fundi roho ilimuuma. Akamwambia alale mapema. Akamnunulia glavu mpya. Akamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama hakuna kijana anayemvuruga akili. "Baba, jamani!" binti akasema, akatoka nje. Na kila mazoezi fundi alikuwa pembeni ya uwanja na aproni yake, akipayuka mpaka sauti inakauka: "Macho! Macho kwenye mpira! Unalala?"

Ikafika siku ya mwisho kabla ya nusu fainali. Kocha, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwita kipa wake mbele ya wote. "Leo nakuangalia," akasema. "Mambo yakiwa hivi hivi, kesho golini anasimama mwenzako." Binti akaitikia kwa kichwa. Fundi aliiona midomo yake inavyotetemeka. Mtoto alikuwa ameingoja mechi hii kwa hamu mpaka anaiota, na sasa inamponyoka baba mtu akiona.

Shuti la kwanza, goli. La pili, goli. Fundi uvumilivu ukamwisha. Akaingia uwanjani, aproni inapepea, dada yake aliyekuwa amesimama naye akimwita kwa nyuma, "Kaka! Kaka, rudi huku!" Wapi! Hakusikia la mtu.

"Toka hapo nikuonyeshe," akamwambia binti yake. "Mpira unadakwa hivi!"

Timu nzima ikaangua kicheko. Kocha akaweka mikono kiunoni, akamwacha. Mpigaji akauliza, "Nipige kweli, fundi?"

"Piga! Usinionee huruma!"

Akapiga. Mpira ukaja polepole, hauzunguki hata kidogo, unamlenga fundi kifuani. Fundi akafungua mikono na kutabasamu. Katikati ya njia ukahamia kushoto. Akaufuata. Ukahamia kulia, mithili ya kuku anayekimbizwa uani. Halafu ukaanguka ghafla kama umekata tamaa, ukadunda, ukamgonga puani, pwaa! Fundi akakaa chini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wote isipokuwa kipa.

"Piga tena," fundi akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Ukapita tena, lakini sasa alikuwa anautazama kweli. Akaufuata wavuni, akaupapasa kwa kidole gumba mahali palipotakiwa kuwa na mshono. Laini tupu. "Dada," akaita, "hebu njoo. Mpira ukiwa laini sana unaweza kulewa hivi?"

Dada yake alikuwa mwalimu wa fizikia. Alikuja akicheka, akaushika mpira, kicheko kikamkauka. "Umeiziba mishono yote?"

"Yote."

"Makubwa! Sasa sikiliza. Mpira ukiwa hewani, upepo unapita ubavuni na kuuachia kwa nyuma. Mishono huukoroga ule upepo wa karibu na ngozi, ukikorogeka unaung'ang'ania mpira kwa muda zaidi. Huu hauna cha kukoroga. Upepo unauachia mapema, mara upande huu, mara ule, na mpira usiozunguka unasukumwa huku na huku. Tena nyuma yake panabaki vurugu kubwa inayouvuta, mwendo unaisha njiani."

Fundi akainuka, pua nyekundu, akamwendea kocha. "Mtoto hana kosa," akasema. "Mpira nimeuharibu mimi, kwa kujisifu kwangu."

Akakaa pale pale kwenye nyasi, akatoa kisu chembamba na msasa kwenye mfuko wa aproni. Akakwangua nta mferejini. Akapiga msasa ule mng'ao wote. Kila akikwaruza alikunja uso kama anajikwaruza mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumtania. Mpira ukabaki na sura mbaya, mifereji wazi, ngozi imeparara.

Mpigaji akaupiga. Ukaenda umenyooka, na kipa akaudaka. Akapiga pembeni, ukadakwa. Akaupiga kwa hasira, ukadakwa vilevile, na wasichana wakaanza kuruka na kukumbatiana.

"Kesho unaanza wewe," kocha akasema.

Walirudi nyumbani watatu kwa miguu, baba, binti na shangazi mtu, fundi akiongea bila kupumua. Halafu swali likamjia. "Hivi wewe mwanangu, siku zote hizo hukugundua ni mpira?"

"Niligundua siku ya kwanza."

Fundi akasimama. "Siku ya kwanza! Na mimi nakupigia kelele vile, ukanyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi mno, baba. Nikasema nitajifunza kuudaka hivyo hivyo."

"Yaani ungekubali kuikosa nusu fainali kwa ajili ya mpira?"

"Si kwa ajili ya mpira," binti akasema.

Fundi machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyaficha. Akamvua binti yake begi begani, akalibeba yeye mpaka nyumbani.