Kengele ya Moshi Juu ya Chetezo

...asogeze mlangoni tu, kwani mlangoni nako si dari hiyo hiyo, lakini fundi Nassor yuko juu ya ngazi, drili mkononi, anangoja jibu, na Bi Mgeni ameishika ngazi kwa chini utadhani yeye ndiye atakayeanguka, Bi Mgeni, anauliza tena kwa adabu, hii kengele ya moshi n'toboe hapa kati au nisogee, hapa kati moshi unafika upesi, na hilo analijua, ila hapa kati ndipo kinapowekwa chetezo kila Alkhamisi kabla ya magharibi, ubani ukafukizwa, wasichana wakasoma Yasin, dakhalia nzima, bweni zima, ikatulia, miaka yote tangu awe mlezi wa mabinti wa watu, sasa kidude hiki kikilia katikati ya Yasin... kule kwa wavulana kililia mara moja tu, mlezi mwenzake Masika akapanda kitandani akakivika mfuko wa plastiki, ubani ukaisha, mfuko ukabaki, tangu mfungo mosi umo mpaka leo, na Masika anacheka, anasema kimeshatiwa ushungi hicho, haya, Masika acheke, Masika ana pua. Hapo ndipo roho inapomuuma, yeye hana, tangu ile homa ya mwaka juzi hasikii harufu ya kitu, si karafuu zilizoanikwa uani, si samaki aliyeoza, ubani wenyewe anautia kwa kukisia, mmoja wa wasichana, Siti, akikohoa ndipo ajue umetosha, na hajamwambia mtu, mlezi asiyesikia harufu nani atamwachia mwanawe... na alfajiri ile chandarua cha Zulekha kiliposhika moto kwa dawa ya mbu, yeye yuko chumba cha pili juu ya msala, anavuta tasbihi, moshi unapita mlangoni kwake, hana habari, mpaka Siti alipoamka akipiga ukelele, akaumwagia moto ndoo ya maji ya udhu, na baadaye wazee wakamsifu Bi Mgeni kwa kuwahi, kuwahi wapi, angelala Siti kidogo tu zaidi, na madirisha yale yana nondo... asiifikirie hiyo, kila siku anaifikiria. Bi Mgeni, mkono unaniuma, anasema Nassor, na hiki kifuniko cha vumbi nikitupe, anamteremshia kikofia chekundu cha plastiki, chepesi, kinaenea kiganjani, nacho ndicho alichokuwa akikitamani tangu asubuhi, awe anaivika kengele Alkhamisi na kukivua ubani ukiisha, angekivua, angekumbuka tu... muongo we, Mgeni, muongo mkubwa. Chetezo kinabebeka. Kitakwenda barazani, Yasin itasomwa huko huko barazani, upepo uuchukue ubani uwapelekee majirani, anayetaka kucheka na acheke, lakini humu wanamolala watoto lazima kiwepo kitu kinachojua moshi, maana yeye haujui, anakiangusha kile kifuniko sakafuni, anakikanyaga kwa kisigino mpaka kinapasuka, Nassor anachungulia chini, macho yamemtoka, toboa hapo hapo kati, mwanangu, anamwambia, mie sisikii harufu, lakini drili imeshaanza kuunguruma na vumbi la dari linamwangukia ushungini, Nassor hakusikia, Bi Mgeni ameishika ngazi vile vile, anangoja drili inyamaze aseme tena.