Lambo Lililoshiba

Tangu alfajiri Nyamizi alisimama kati ya ng'ombe wake na maji, fimbo mkononi, na ng'ombe hawakumwelewa. Walikuwa tisa, hawajanywa tangu juzi, na lambo lilikuwa pale mbele yao, limejaa, kijani kama mlango uliopakwa rangi. Jana ndama wawili wa jirani yake Gregory walikunywa asubuhi. Adhuhuri wakaanza kutetemeka. Jua halijazama, wamekufa.

Kijiji kilikwisha kumhukumu mwenye karasha, yule anayesaga mawe ya dhahabu kule juu. Nani angekataa? Watu hawa wanakumbuka. Wanakumbuka mtaalamu aliyekuja na chupa tatu, akachota maji, akapigwa picha akichota. Majibu hayajarudi, mwaka wa saba huu. Ndiyo maana mwaka juzi, walipochoka kungoja, walijaza mchanga kwenye viroba wakaziba kijito kinachotoka karashani, zebaki ya kusafishia dhahabu isiwafikie ng'ombe. Nyamizi ndiye aliyewaongoza wanawake. Viroba thelathini na kimoja vilipita begani mwake.

Saa tatu akafika Aneth, afisa mifugo wa kata, vumbi la pikipiki hadi kwenye kope. Masele, mwenyekiti wa kamati ya lambo, alitaka karatasi yenye muhuri iandikwe sumu ya karasha, watu waandamane mchana huohuo. Aneth akamwamkia kwanza, kisha akachovya kijiti. Kikatoka na utando mzito.

Akaeleza polepole kwamba hivi ni vijimea, vidogo hata jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja, na vingine vina sumu. Aliviona hata pwani alikosomea: mito ikimwaga uchafu wa bara, au maji yenye rutuba yakipanda kutoka chini, jua likiwaka, bahari inageuka rangi. Vinataka kile kile kinachotakiwa na pamba, yaani chakula, jua na joto. Maji yakitulia, ndiyo sherehe.

Masele akauliza ni nani aliyetia mbolea kwenye lambo. Aneth akaonyesha kwa kidevu ngitili, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, pale juu kidogo. Ng'ombe wa vijiji viwili walikuwa wamejazana humo tangu Julai, na mvua moja ya wiki iliyopita ilikuwa imeteremsha samadi yote.

"Ngitili iko pale tangu enzi za baba yangu," Masele akasema. "Mbona ng'ombe wake hawakufa?"

"Enzi hizo kijito kilikuwa kinaingia huku, kinatokea kule, baba. Maji yalikuwa yanatembea."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyamizi akageuka kuvitazama viroba.

"Binti, wewe umetumwa na karasha," Masele akasema.

"Zebaki huenda ipo. Sijapima, sikupewa kipimo. Lakini ndama wale wameuawa na hiki kijani."

Wanakijiji waliokusanyika wakaanza kubishana, viroba viondolewe au viachwe. Nyamizi aliwasikiliza, hasira ikikosa pa kutua. Wafungue, waletewe zebaki. Waache, wanywe kijani. Na yule mwenye chupa tatu yuko ofisini kwake, anakunywa maji ya dukani.

"Leo wanywe nini?" akauliza.

Aneth akasema wachimbe kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali na lambo, wanyweshe kwa ndoo. Nyamizi akageuka kumwita Scolastika, shemeji yake, alete majembe. Kugeuka huko tu kulitosha. Ng'ombe mkubwa, mama wa wanne kati ya wale tisa, alipita ubavuni mwake, akatumbukiza mdomo. Nyamizi alimchapa hadi fimbo ikavunjika. Ng'ombe alikuwa ameshameza mara tatu, labda nne.

Kule mtoni mchanga ulikuwa ukiporomoka, shimo likijifukia wakilichimba upya. Maji yalikuja kidogo kidogo. Wanane wakasukumana kwenye beseni. Yule mkubwa alisimama pembeni, hataki kunywa. Kila akipandisha ndoo, Nyamizi aliinua macho kumtazama. Ndoo ya tano, alikuwa amesimama. Ndoo ya kumi na mbili, alikuwa bado amesimama.