Ngazi ya Crisanto

...na akiitikisa mara moja tu, mtikiso wa maana, si wa kitoto, Wilmer mkata umeme ataporomoka na koleo lake, kichwa kwenye saruji, pwaa, ubongo mpaka mlangoni kwa jirani, nani atasema haukuwa upepo, lakini mikono ya Crisanto imeing'ang'ania ngazi, ngazi yake mwenyewe, maana kampuni humtuma mtu na koleo bila ngazi, na mita wamezitundika juu nguzoni wanakolala shomoro, na katika kichochoro hiki cha Navotas mtu hanyimwi ngazi wala hapandi bila mshikaji, hata wali alimkaribisha, karibu tule, mdomo mpumbavu, mdomo wa mazoea... “Kuya Anto, kaka mkubwa, umeshika kweli? Ngazi yako ina mchwa wengi kuliko bunge.” “Panda, kaka, ukianguka nitakudaka kwa meno,” na Wilmer anacheka, angejua meno yenyewe, dirishani mashine ya Inay, mama yake, inavuta, krrr, inampumulia, waya ukikatwa itanyamaza na Inay atakodoa macho kama samaki kwenye barafu, basi panga, panga la kuchinjia nguruwe, tumboni, ulizungushe, lakini tumbo la nani, si walisema kwenye televisheni serikali ikiwaachia matajiri umeme, watapigana kama majogoo uwanjani, bei ishuke yenyewe, na Crisanto alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kumbe majogoo wanadonoa mtama sahani moja, anayenyonyolewa ni mtazamaji, huyu anauzalisha, yule anausafirisha, wa tatu anausambaza, kila mmoja na kisu chake, hata umeme unaopotea njiani unaulipia wewe usiyeuona, awachome wote, mmoja mmoja, ofisini, kwenye viti vyao vya ngozi, ila ngazi hii haifiki huko, inafika kwa Wilmer tu... “Kuya, hiyo ni sauti ya nini?” “Inay, anapumua.” Koleo limepanua mdomo juu ya waya, haliumi, halifungi, “Msimamizi yuko pale konani, Kuya, ananitazama,” krrr, pumzi moja, krrr, nyingine, na Crisanto anahisi neno likimpanda kooni, asante, asante, Wilmer, kama mtu anayekabwa akimshukuru mkabaji kwa kidole kimoja kilicholegea, na hapo ndipo damu inapomchemka kweli, wala si kwa Wilmer tena, ni kwa hilo neno, wamemfikisha hapo, ashukuru, anauma ulimi mpaka ladha ya chuma imjae kinywani, lisitoke, juu koleo bado liko wazi, na yeye ngazi ameishika.