Koti la Mlinzi wa Mnara

Mahari ilipangwa vizuri mezani, sebuleni kwa Lambert ughaibuni, kule Kensington: kitenge cha mama, chumvi, mafuta, sukari. Kasoro ilikuwa koti aliloletewa baba wa binti. Lilikuwa kuukuu, la buluu iliyopauka, viwiko vimetiwa viraka.

Lambert ni fundi cherehani aliyetoka Lubumbashi. Kwao baba wa binti huletewa suti mpya, na anayekuja bila suti huambiwa arudi akajipange. Basi moyo ulimruka kwa furaha, maana hakuitaka ndoa hii hata kidogo. Arlène, binti yake wa pekee, alikuwa akienda kuishi kwenye kisiwa kidogo cha Mediterania chenye kanisa moja, mbuzi wengi na mnara wa taa wa zamani unaoongoza meli. Mchumba wake Mgiriki, Lefteris, huwatembeza watalii mnarani humo. Kazi hiyo! Binti umemsomesha, halafu anakwenda kukaa juu ya jiwe.

"Hii njo koti gani?" Lambert aliuliza, akijitahidi kununa. "Miye njo wa kuvalishwa mitumba?"

Pacifique, mwenzao wa kanisani aliyekubali kumsemea Mgiriki kama baba yake mdogo kwa siku ile moja, alijifuta jasho. "Pardon, mukubwa. Ni koti ya kazi ya baba yake. Alichunga ile mnara maisha yake yote. Sasa taa inajiwasha yenyewe, lakini muzee angali anapanda kupanguza vioo, njo maana hakukuja. Alisema suti kila mutu anaweza kununua."

Mikono ya fundi haina adabu. Ililigeuza koti ndani nje kabla hajaamua. Bitana ilikuwa imejaa mishono mikubwa, iliyopinda, ya mtu asiyejua kushona.

"Nani alishona hivi?"

Arlène alitafsiri. Lefteris aliona haya, akajibu kwa Kiingereza, polepole. Ni baba yake. Upweke ulimshinda mama yake, akaondoka kisiwani Lefteris akiwa mdogo. Tangu hapo mzee alijishonea mwenyewe.

Pacifique alimkodolea macho mwanawe wa kuazima, na Angélique, mke wa Lambert, akashika tama. Sababu ya kukataa, huo upweke wa kisiwani, ilikuwa imeletwa mezani na mwoaji mwenyewe, na Lambert alishindwa kuitumia. Kijana angeweza kudanganya na nani angejua? Hasira ya kujifanya ilimwisha, akabaki na woga mtupu, ule aliokuwa akiuficha kwa kisingizio cha suti.

Desturi inataka binti aulizwe mbele ya watu.

"Arlène, tupokee hii vitu?"

Tangu aanze shule, Arlène husemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza. Leo alisema, "Mupokee, papa."

"Na upweke ikikushinda na weye?"

Arlène alifikiri kwanza. Hakukimbilia kumtuliza. "Basi nitarudi hapa."

Lambert alilivaa koti. Lilimbana mabegani, naye hakulivua. Machozi yalimtoka mbele ya wageni wala hakuyafuta. Alimgeukia mkewe.

"Mama Arlène," alisema, "kitanda yake tusimupe mutu."