Sensa ya Kitini

Moraa hakupiga makofi. Kanisa zima la Malton, kando ya jiji la Toronto, Kanada, lilisimama kumshangilia Jepchirchir, aliyewahesabu Wakenya wote wa pale bila kuzunguka nyumba kwa nyumba. Alichukua tu rejista za kwaya, za chama cha akina mama na za shule ya Jumapili, akalinganisha majina ili mtu asihesabiwe mara mbili. Mchungaji akasema huo ndio usomi.

Usomi gani, Moraa aliwaza, roho ikimuuma. Mwaka themanini na tisa yeye alikuwa karani wa sensa kule Nyamira. Alipanda vilima, akakimbizwa na mbwa, na hakuna aliyempigia makofi. Huyu kakaa kitini na chai yake, leo ndiye malkia.

Ibada ilipokwisha alijipenyeza hadi ukutani, majina yalipobandikwa, akitafuta kosa. Alilipata upesi. Jina lake halikuwepo.

"Wewe," akamwita Jepchirchir, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mimi sikai hapa Malton?"

"Nilikutafuta kwenye rejista zote, dada."

Moraa alikuwa ameiacha kwaya siku Jepchirchir alipofanywa kiongozi. Kwenye chama alijitoa Jepchirchir alipochaguliwa mwenyekiti. Hata watoto aliwatoa shule ya Jumapili, kisa mwalimu ni huyohuyo Jepchirchir.

"Basi ungekuja kubisha hodi, kama tulivyofanya sisi."

"Nilikuja," Jepchirchir akasema taratibu. "Kwako tu. Nikaona pazia likisogea lakini mlango haukufunguliwa, nikadhani hutaki kuhesabiwa nasi."