Chumba cha Mama huko Simi-Simi

Nilikipenda kile chumba kabla sijaikagua nyumba yenyewe. Kilikuwa nyuma, kina mlango wake wa kutokea uani na dirisha linalotazama parachichi. Nikasema moyoni: hapa atalala mama. Mume wangu Muhindo alikuwa bado barazani akisalimiana na Papa Léopold, mwenye nyumba, na mimi kichwani nilikuwa nimekwisha kuweka kitanda, pazia, na kiti cha mama cha kuotea jua.

Mama yangu yuko Butembo. Barabara ya Beni siku hizi, kwa ajili ya vita, si ya kumpitisha mzazi, na kwa ndege atakuja mara moja tu, hatarudi tena. Kwa hiyo nilimwambia: ngoja kwanza tupate kwetu. Sisi Wanande tukiwa ugenini, kama hapa Kisangani, tunauza kila kitu, vitenge, misumari, maharage, lakini kulala tunalala nyuma ya duka katikati ya mizigo, miaka nenda miaka rudi, tukisema mwaka huu tutanunua nyumba. Nilikuwa na hamu ya mama yangu mpaka nikatamani hata kugombezwa naye. Kwenye simu hagombezi, anaogopa vocha itaisha.

Papa Léopold alitupa muda hadi Jumapili, kwani nyumba ilikuwa inatakwa na wengine. Tukaulizana nani aje kuikagua.

"Mama Camille, mutu ananunua udongo, hanunue ukuta," Muhindo alisema. "Tuite géomètre. Apime parcelle, atuonyeshe ma-bornes. Jirani asikuye kesho kusema parachichi iko yake."

Nilikubali palepale. Tumezaliwa milimani, ambako shamba ni dogo kama leso na ndugu wanafikishana mahakamani kwa ajili ya mfereji mmoja. Mnande akionyeshwa kiwanja, cha kwanza anatafuta jirani yuko wapi. Kilicho chini ya miguu hakiulizi. Kwetu chini ni mlima, na mlima hauna siri.

Géomètre, yaani mpima viwanja, alikuja, jina lake Benoît, akafanya kazi safi. Mawe yote ya mpaka yalikuwa mahali pake, na jirani alishuhudia mwenyewe. Muhindo alifurahi hata akaninunulia samaki mzima wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, yeye ambaye kwa samaki mkono wake ni mzito. Tukala na pondu, kisamvu cha huku, kisha nikampigia mama.

"Chumba changu kina dirisha?" aliuliza kwa Kinande.

"Kina, mama. Na nje kuna parachichi."

Halafu akanigombeza: kwa nini mwanangu Camille hajui Kinande, nimemlea mtoto au nimemlea mgeni? Alinigombeza mpaka vocha ikaisha. Nilikaa na simu sikioni nikicheka na machozi yakinitoka.

Ijumaa, baada ya mvua kubwa, nilikwenda peke yangu kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Mlango wa chumba, ambao siku ya kwanza ulifunguka kwa kidole, uligoma. Niliusukuma kwa bega. Juu ya fremu palikuwa na ufa. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo, nikauita mstari wa rangi. Akipenda, chongo huita kengeza.

"Ni mbao imevimba juu ya mvua," Muhindo alisema nilipomweleza. "Fundi atapitisha randa, bon, imeisha."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini mbao huvimba, ukuta hauvimbi. Nikaenda kwa Daniella, binti wa Clothilde ambaye meza yake sokoni inapakana na duka letu. Daniella ni mhandisi wa majengo.

"Tantine, muliita mutu wa kupima kiwanja," aliniambia. "Kazi yake ni mupaka, na ameifanya muzuri. Alors, nyumba yenyewe nani aliipima?"

Jumamosi akaja. Aligonga kuta, akapanda darini, akatafuta mchwa, akasema paa ni zima. Nikaanza kutabasamu. Kisha akamgeukia Papa Léopold.

"Papa, matofali ya hii nyumba mulichomea wapi?"

"Hapahapa," mzee alijibu bila kuficha. "Udongo tulichimba kule nyuma. Shimo likabaki, tukalijaza takataka. Halafu nikaongeza kale kachumba juu yake."

"Na haukutuambia, Papa?" Muhindo alifoka.

"Géomètre wenu aliniuliza mupaka, nikamuonyesha mupaka. Shimo hakuna mutu aliuliza."

Alisema kweli. Mwenyeji wa Kisangani akinunua nyumba ya matofali, huuliza kwanza shimo lake liko wapi. Sisi tuliuliza jirani.

Daniella alichimbisha kidogo kando ya ukuta. Yakatoka majivu, kandambili, chupa, sahani ya bati. Udongo wenyewe haukuonekana. Chumba cha mama yangu kilikuwa kinazama, na kwa kuwa kilishikamana na ukuta wa nyuma, kilikuwa kinaivuta nyumba nzima.

"Mutu asilale humu," alisema. "Kwanza kibomolewe, shimo lijazwe mawe, ukuta wa nyuma ushikwe upya. Ni kazi ya mwaka, labda na zaidi."

Muhindo alimpa Papa Léopold mkono, akamwambia awauzie wengine, ila awaambie habari ya shimo.

"Tutatafuta ingine, Mama Camille. Mwaka kesho."

Mwaka kesho! Mama yangu ana miaka kesho mingapi ya kunipa? Nililia njia nzima kutoka Simi-Simi, na sioni haya kusema.

Jumapili baada ya misa tulikaa nyuma ya duka, nikampigia mama na kumweleza yote.

"Kwa hiyo ngoja kidogo, mama, tutafute nyumba nyingine."

"Kahambu, mwanangu, siwezi kungoja. Kitanda changu nimempa Annette." Annette ni mke wa kaka yangu. "Nilimpa siku ile uliponiambia parachichi. Tangu siku ile nalala kwenye mkeka."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Wewe huko unalala wapi?"

"Nyuma ya duka, mama. Kwenye godoro, na Muhindo."

"Godoro ni kubwa?"

Muhindo alikuwa kando yangu, anasikia kila neno. Aliinuka, akachukua mto wake, akaukung'uta vumbi. Akatoka nao hadi dukani, akauweka juu ya magunia ya maharage.

"Ni kubwa, mama," nikasema. "Njoo."