Sindano ya Alhamisi

Tone la maji ya lengelenge lilidondoka kwenye ungo, likatua juu ya maharage ya mbegu, na Gadiel akaliona kabla Elirehema hajalifuta.

"Bibi, simama."

Wanawake walioketi sakafuni mwa ghala, kila mmoja na ungo wake, wakaacha kuchambua. Miaka kumi na mitatu Elirehema alikuwa akitoka Kikwe asubuhi kuja kutenga mbegu nzima na mbegu iliyotobolewa na wadudu, na hakuna aliyemshinda kwa jicho. Sasa upande wa kushoto wa paji lake la uso ulikuwa umewiva. Malengelenge yalishuka kutoka kwenye nywele, yakavuka nyusi, yakafika kwenye kope. Upande wa kulia ulikuwa safi, kana kwamba mtu amepiga rula katikati ya uso.

"Mkanda wa jeshi huo," mmoja alinong'ona, akivuta ungo wake pembeni. "Na hauji peke yake. Ukiuona, ujue ngoma ipo."

"Ngoma gani na wewe? Mjane wa miaka sitini na minne, Ukimwi atautoa wapi?"

Kicheko kikapita ghalani. Gadiel, msimamizi, hakucheka.

"Nenda nyumbani. Jicho likipona, rudi. Lisipopona, usijisumbue. Kazi hii inataka macho."

Uwanjani, nyuma ya ghala, mradi mmoja wa afya ya wazee ulikuwa umefunga turubai wiki ile ukipima presha bure. Elirehema akaingia humo, khanga imefunika nusu ya uso. Nesi aliyeitwa Nancy alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, bibi. Haya yametoka lini?"

"Marahaba. Leo asubuhi. Jana kanisani ilikuwa moto tu, chini ya ngozi, kama mtu ananichoma na sindano ya kushonea magunia."

"Umewahi. Mungu akubariki, umewahi." Nancy alikuwa tayari anafungua boksi la dawa. "Vidonge hivi utaanza sasa hivi, mbele yangu. Zikipita siku tatu nguvu yake inapungua sana, na haya yako mlangoni mwa jicho."

Alikuwa amemimina maji kwenye kikombe Naftali alipoingia. Naftali hakuwa daktari. Alikuwa mratibu wa mradi, lakini alivaa koti jeupe, na kwa Elirehema, mtu aliyevaa koti jeupe haulizwi amelipata wapi. Mratibu alimzunguka mara mbili, kama mnunuzi anavyomzunguka ng'ombe mnadani.

"Sista, weka dawa chini kwanza. Alhamisi tunazindua chanjo ya ugonjwa huuhuu mjini, wafadhili wote wapo. Mwaka jana niliwaonyesha picha za mtandaoni, wakasinzia. Huyu akianza dawa leo, Alhamisi yatakuwa yamekauka."

"Kaka Naftali, jicho lake."

"Siku tatu tu. Hivi mkataba wako unaisha mwezi gani vile?"

Nancy akaweka kikombe chini. Naftali akachutama mbele ya kiti, akailainisha sauti.

"Mama yangu, unataka vidonge au unataka sindano?"

Elirehema hakuhitaji kufikiri. Mwanawe alipopona homa ya uti wa mgongo, alipona kwa sindano. Mumewe alikufa na vidonge mfukoni.

"Sindano, baba."

"Basi. Sindano ya mkanda wa jeshi ipo, mpya, imetoka nje. Alhamisi gari litakufuata nyumbani. Ila usimeze kitu, usipake kitu. Ikukute hivyohivyo."

"Nashukuru sana, daktari."

Nancy alivirudisha vidonge kwenye boksi. Maji aliyoyamimina akayanywa mwenyewe.

Jumanne hata khanga ilikuwa adui. Ikigusa unywele, maumivu yanapiga mpaka nyuma ya fuvu. Jirani yake Mwanahalima, muuza mchicha, alikuja na jani la shubiri linalotiririka utomvu.

"Nimekatazwa kupaka," Elirehema alisema.

"Na nani?"

"Daktari. Nangoja sindano."

"Mwenzangu, jicho limevimba kama yai!"

"Si ndiyo maana nangoja sindano? Ungekuwa ugonjwa mdogo wangenipa vidonge."

Mwanahalima alilitazama jani mkononi, akalitazama lile jicho. "Haya. Mimi nimesomea mchicha, si udaktari."

Jumatano mchana Elirehema alilipanua jicho lile kwa vidole, akafunika la kulia kwa kiganja. Mlima Meru, uliosimama juu ya migomba yake miaka yote ya ndoa na ya ujane, haukuwepo. Akajiambia ni mawingu. Akaondoa kiganja. Mlima ulikuwepo, mtupu mpaka kileleni.

Alhamisi gari lilimfuata kweli. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na maua mezani na kiti kimoja jukwaani, cha kwake.

"Huu si uchawi, wala si lazima uwe na Ukimwi," Naftali alisema kwenye kipaza sauti, akimgeuza kwa bega. "Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu hata miaka hamsini, vikingoja kinga ya mwili ichoke. Kuna chanjo ya kuvizuia, sindano mbili, ya pili baada ya miezi miwili au zaidi. Bibi yetu hakuchanjwa. Tazameni."

Simu zikainuliwa.

Mgeni rasmi ndiye aliyechanjwa wa kwanza, huku akipigiwa makofi. Akafuata mkewe, wakafuata wafanyabiashara sita. Elirehema alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akangoja. Kisha Nancy akafunga kifuniko cha kijokofu cha chanjo.

"Na mimi, baba?"

"Wewe tayari unaumwa, mama. Chanjo inazuia, haitibu."

"Ulisema sindano ya mkanda wa jeshi."

"Si ndiyo hii? Umeiona kwa macho yako."

Nancy alikuja na vidonge, akachuchumaa, akanyoosha simu mbele ya jicho la kushoto, huku la kulia akiliziba kwa kiganja.

"Nikiwasha tochi uniambie, bibi."

"Haya."

Nancy akabonyeza simu.

"Bado hujawasha?" Elirehema aliuliza.

Nancy aliizima tochi. "Kaka Naftali, apelekwe kwa daktari wa macho. Sasa hivi."

"Picha ya bango kwanza. Gari lenyewe limewapeleka wageni."

Mpiga picha alimkabidhi kibao, maandishi yakitazama nje.

"Kinasemaje, mwanangu?"

"NINGECHANJWA MAPEMA, NISINGEUGUA. Inua juu kidogo, bibi. Hapo hapo. Sasa fumba hilo zima, tulione vizuri hilo bovu."

Elirehema akafumba. Meza, maua, koti jeupe, vyote vikaondoka kwa pamoja.

"Safi kabisa. Tabasamu."

Akatabasamu, kibao juu, mkono wa gauni ungali umekunjwa begani, akielekeza uso kule sauti ilikotokea.